Filamu Imeharibika Ulipoisafisha Nyumbani? Anza kwa Kusoma Kingo Zake

Filamu ikitoka kwenye tangi na kasoro, dawa ndiyo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi humwagwa ikiwa bado nzima. Usimwage kitu. Iache filamu ikauke, iinue mbele ya dirisha, na usome kingo zake kabla hujatazama picha. Kiwandani, jina la filamu na nambari za picha huchapwa pembeni kwa mwanga. Nambari hizo hazijapitia lenzi yako wala shata yako, kwa hiyo weusi wake unaeleza jambo moja tu: usafishaji ulikwendaje. Ukijua kusoma hapo, umeshajua kosa liko kwenye kamera au liko kwenye beseni.

Maelezo haya ni ya filamu nyeusi na nyeupe ya milimita 35, ikisafishwa Mombasa. Karatasi za maelezo ya dawa huandikwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya mfereji hapa mara nyingi huwa kati ya nyuzi 27 na 30. Matatizo mengi yaliyomo humu yanatokana na pengo hilo. Yanayobaki, mengi yanatokana na chumvi na chokaa ya maji, na unyevu wa hewa.

Filamu tupu, unaona ng'ambo

Kama nambari za pembeni zipo, nyeusi na kali, na katikati hakuna kitu, usafishaji ulikuwa sawa kabisa. Filamu haikupata mwanga. Aghlabu ulimi wake, yaani ncha ya mwanzo, haukushikwa na kigurudumu cha kamera, ukapiga picha 36 filamu imetulia ndani ya mkebe. Safari nyingine, ukishafunga kamera, kaza filamu kidogo kwa kitufe cha kurudishia, kisha uvute picha mbili za mwanzo huku ukikitazama kitufe hicho. Kisipozunguka, filamu haitembei.

Kama hata nambari hazipo, developa, yaani dawa inayotoa picha, haikufanya kazi. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kutia fiksa (dawa inayoondoa fedha isiyofanya picha) kabla ya developa, na hiyo haina dawa, kwani fedha iliyokuwa kwenye filamu imeshayeyuka. Chupa zote mbili zikiwa za rangi moja kosa hili linangoja siku yake tu, basi andika kwa kalamu nene ubavuni na kwenye kifuniko. Usitumie chupa za soda wala za maji ya kunywa. Nyumba ya joto ina watu wenye kiu, na watoto.

Sababu ya pili ni developa iliyokufa. Ijaribu kabla ya kila kazi: kata kipande cha ulimi wa filamu, kitie ndani ya developa mchana kweupe. Dakika mbili tatu kinatakiwa kiwe cheusi. Kikibaki kijivu hafifu, mwaga. Usitegemee rangi peke yake. Kati ya developa zinazouzwa, D-76 ikizeeka hugeuka hudhurungi, lakini XTOL inaweza kufa ikiwa bado safi kama maji, na Rodinal hugeuka nyeusi ikaendelea kufanya kazi miaka. D-76 iliyokorogwa huhesabiwa miezi 6 kwenye chupa iliyojaa na miezi 2 kwenye chupa iliyofika nusu. Hesabu hiyo ni ya chumba cha wastani, si ya chumba cha nyuzi 31, kwa hiyo igawe kwenye chupa ndogo za mililita 250 zilizojaa hadi mdomoni, uziweke mahali penye giza na ubaridi kiasi.

Filamu nyeusi yote

Nyeusi hadi kingo, maana yake mwanga umeingia nje ya kamera. Angalia kwanza bomba la katikati ya tangi. Wengi wanadhani ni la kushikia rili tu, kile kigurudumu cha kuviringishia filamu, kumbe ndilo linalozuia mwanga usipenye kwenye tundu la kumiminia dawa. Tangi likifungwa bila bomba hilo, filamu imeungua hata kama kifuniko kimekaza. Baada ya hapo kagua mfuko wa giza, ule unaoingiza mikono kujaza tangi: mikono ya lastiki iliyolegea na zipu iliyoachwa wazi kidogo. Jua la saa saba mchana si la kuchezea. Jaza tangi ndani ya chumba chenye pazia, ukipenda usiku, hata kama mfuko wako ni mpya.

Kama weusi uko kwenye picha na kingo ni safi, filamu ilipata mwanga mwingi kwenye kamera. Hapo tangi halina kosa.

Negativu nzito, nambari za pembeni zimevimba

Kwenye negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, penye mwanga huwa peusi. Herufi zikiwa nene na kutaka kuungana, mawingu na kanzu zikawa weusi mtupu usiopitisha mwanga, filamu imesafishwa kupita kiasi. Kwetu hili ndilo tatizo la kila siku, na linataka kuelezwa kwa kirefu.

Developa hufanya kazi kwa kasi zaidi kila joto linapopanda. Kipimo cha Ilford, watengenezaji wa filamu na dawa, ni chepesi kukumbuka: kazi ya dakika 4 kwa nyuzi 20 ni dakika 3 kwa nyuzi 23. Yaani kila uzi mmoja unaopanda hula takriban sehemu moja ya kumi ya muda. Chukua filamu ya HP5 Plus kwenye developa ya ID-11 iliyochanganywa 1+1, yaani sehemu moja ya dawa kwa moja ya maji (D-76 inafanana nayo sana). Kwa nyuzi 20 ni dakika 13. Kwa nyuzi 24 ni karibu dakika 9. Kwa nyuzi 27 imebaki dakika 6 na sekunde 40 hivi. Aliyefuata dakika 13 za kwenye karatasi kwa maji ya mferejini amekwenda karibu mara mbili ya muda.

Kupunguza muda pekee hakutoshi. Dawa ileile isiyochanganywa na maji ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20, na kwa nyuzi 27 haifiki dakika 4. Muda wowote chini ya dakika 5 ni wa hatari, maana kumimina na kumwaga peke yake huchukua sekunde 20 au 30. Sehemu ya filamu iliyotangulia kulowa hupata dawa zaidi ya iliyochelewa, na anga ya picha hutoka na mabaka.

Njia inayofaa hapa ina sehemu mbili. Kwanza, ongeza maji kwenye dawa ili muda urefuke. HP5 Plus kwa ID-11 1+3 ni dakika 20 kwa nyuzi 20, kwa hiyo hata kwa nyuzi 27 una dakika 10 na zaidi kidogo, muda mzuri wa kufanya kazi bila pupa. Lakini angalia kiasi cha dawa yenyewe. Kila filamu inataka angalau mililita 100 za developa isiyochanganywa. Tangi la rili moja lenye mililita 300 kwa 1+3 lina mililita 75 tu, na negativu zitatoka nyepesi hata ukipatia joto na muda. Tumia tangi la rili mbili, mililita 500, filamu kwenye rili ya chini na rili tupu juu yake ili ile ya chini isipande ukipindua.

Pili, lenga nyuzi 24. Kuitafuta 20 Mombasa ni kupigana na chumba kizima. Ukifika 20, baada ya dakika tano imeshapanda 22 na hesabu yote imeharibika. Nyuzi 24 inashikika. Ukichanganya 1+1 na developa yako ina nyuzi 29, maji ya kuchanganyia yawe 19: chukua ya friji, ongeza ya mfereji kidogo kidogo huku ukipima. Tangi lenyewe likae ndani ya beseni. Lita 5 za maji ya nyuzi 29 hushuka hadi karibu 23 kwa gramu 300 za barafu. Barafu itie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ielee beseni, usiitie kwenye dawa kamwe. Ikiyeyuka umebadilisha mchanganyiko bila kujua kwa kiasi gani.

Kipimajoto kiwe cha jikoni au cha maabara. Cha homa huanzia nyuzi 35, kwa hiyo hakisomi kazi hii. Kina faida moja nzuri: tia vyote viwili kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37, uone cha jikoni kinadanganya kwa kiasi gani.

Negativu nyepesi

Soma kingo tena. Nambari kali na picha hafifu ni mwanga mchache kwenye kamera: kasi ya filamu imewekwa vibaya, au umepiga ndani ya nyumba kwa kukisia. Nambari hafifu na picha hafifu ni usafishaji mchache: developa imechoka, imechanganywa maji mengi, au imepozwa mno na barafu. Naam, hili hutokea hata kwetu. Mtu anaogopa joto, anaishusha dawa hadi nyuzi 16, kisha anatumia muda wa nyuzi 24.

Ikiwa filamu nzima ina ukungu wa kijivu hata kati ya picha na picha, imeiva kabla ya kutumika. Filamu iliyokaa kwenye gari lililoegeshwa juani, au miaka dukani juu ya rafu ya joto, hutoka hivyo. Ihifadhi kwenye friji, na ukiitoa iache ndani ya mkebe wake wa plastiki saa moja na nusu au zaidi kabla ya kuifungua. Hewa ya hapa ikigusa filamu baridi huacha umande juu yake.

Mistari, mabaka na vidoto

Ukanda mmoja kwa urefu wa filamu ni mwepesi kuliko mwingine: dawa haikufunika rili. Rili moja ya milimita 35 kwenye tangi la Paterson inataka mililita 290. Zipime kwa maji kabla, usikisie.

Michirizi mieusi inayoanzia kwenye matundu ya pembeni na kuingia kwenye picha: umetikisa kwa nguvu na mfululizo. Dawa hupita kwenye matundu kwa kasi na kusafisha zaidi sehemu hiyo. Pindua tangi mara 4 polepole ndani ya sekunde 10 za mwanzo wa kila dakika, kisha liache. Michirizi hafifu inayoshuka kutoka sehemu nzito za picha ni kinyume chake, tangi liliachwa bila kuguswa kwa muda mrefu.

Vidoto vya duara visivyo na rangi ni mapovu ya hewa yaliyoganda juu ya filamu. Ligonge tangi mara mbili tatu kwenye ukingo wa sinki kila ukimaliza kupindua. Vitundu vidogo sana, kama vya ncha ya sindano, vina chanzo kingine: developa yenye kaboneti ikikutana ghafla na asidi kali hutoa gesi ndani ya utando, lile tabaka la jelatini lenye picha, na gesi hiyo huupasua. Ndiyo maana siki, inayotumiwa kuisimamisha developa kabla ya fiksa, haitiwi vivi hivi. Siki nyeupe ya asilimia 5 changanya sehemu moja kwa maji sehemu nne. Ukitumia ndimu ya unga, inayouzwa na wauza viungo wa Marikiti, gramu 15 kwa lita zinatosha, au kijiko cha chai kimoja na nusu kwa nusu lita. Haina harufu, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha hilo ni jambo kubwa.

Nusu-mwezi, na mahali palipogandana

Alama ndogo zenye umbo la mwezi mwandamo ni mikunjo. Filamu ilikunjika kidoleni ukiipeleka kwenye rili. Mabaka makubwa yasiyo na picha, yenye rangi ya maziwa au zambarau, yanaonyesha kuwa mizunguko miwili ilishikana na dawa haikupita. Ukiyatia fiksa yatapitisha mwanga, lakini picha haipo.

Chanzo kwa kawaida ni jasho. Ndani ya mfuko wa giza mikono hutoa unyevu, dakika tano baadaye filamu imelainika na rili ya plastiki inaikatalia. Ukisukuma kwa nguvu unaongeza mikunjo. Acha. Tia filamu ndani ya tangi, funga kifuniko, toa mikono, kausha, pumzika mbele ya panka, kisha rudi. Rili iwe kavu kabisa: tone moja la maji lililobaki kwenye njia yake kutoka kazi ya asubuhi linatosha kukwamisha filamu. Isugue kwa mswaki mkavu kila baada ya kazi, kwani mabaki ya sabuni hunata. Kata pembe mbili za mwanzo wa filamu ziwe duara kidogo, na itaingia bila ugomvi. Anayesafisha mara kwa mara afikirie rili ya chuma, ambayo ikifutwa tu ishakauka.

Filamu ina maziwa, au imebaki zambarau

Hii ndiyo kasoro yenye faraja. Maziwa ni fedha ambayo fiksa haijaiondoa, na inatengenezeka hata baada ya filamu kuonekana mwangani. Irudishe kwenye fiksa nzima dakika 5, osha upya.

Pima nguvu ya fiksa kwa kipande cha ulimi wa filamu. Tia tone moja la fiksa juu yake, ngoja sekunde 30, kisha kizamishe chote ndani ya fiksa na uhesabu hadi lile duara lisionekane tena. Muda huo mara mbili ndio muda wa fiksa; kwa filamu za aina ya T-Max na Delta, mara tatu. Uandike muda wa fiksa ikiwa mpya kwenye chupa. Siku utakapofika mara mbili yake, fiksa imekwisha. Lita moja ya Ilford Rapid Fixer ya 1+4 hukadiriwa kutosha filamu 24, lakini kipande cha ulimi ni cha kuaminika kuliko hesabu ya kichwani.

Rangi ya waridi au zambarau hafifu kwenye T-Max si ugonjwa. Ni rangi ya kiwandani, na fiksa nzima pamoja na maji ya kutosha huiondoa.

Utando umepasuka kama matope yaliyokauka, au unabanduka

Jelatini ikiwa ndani ya maji ya joto huvimba na kulainika. Ikihamishwa ghafla kutoka nyuzi 22 kwenda kwenye maji ya nyuzi 34, hujikunja na kuacha mtandao wa nyufa. Filamu za leo zinavumilia kuliko za zamani, lakini hazina mwiko wa kuharibika. Anayekosea kwa kawaida si kwenye developa, aliyoichunga kwa barafu, bali kwenye kuosha: amefungua mfereji unaotoka kwenye tangi la juu ya paa saa tisa alasiri. Jaza ndoo alfajiri, iweke kivulini, na utumie hiyo kwa dawa zote na kuosha. Tofauti kati ya hatua na hatua isizidi nyuzi 2 au 3.

Filamu ikiwa imelowa usiipanguse kwa vidole wala kwa mpira wa kufutia. Punje moja ya mchanga itachora mstari kutoka picha ya 1 hadi ya 36.

Madoa meupe na chumvi

Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ni chokaa. Maji ya kisima ni magumu na mara nyingi yana chumvi. Maji ya mtungi yanayoletwa na mkokoteni hujui yalikochotwa mpaka uyaonje. Kwa kuchanganyia developa tumia maji yasiyo na chumvi, yaliyochemshwa na kuachwa yatulie.

Kwa kuosha, mambo ni tofauti, na wengi hawaamini wakisikia: maji ya chumvi huondoa fiksa kwenye jelatini haraka kuliko maji yasiyo na chumvi. Basi siku mfereji umekauka, osha kwa maji ya kisima bila wasiwasi, mradi umalize na maji yasiyo na chumvi angalau dakika 5, ukiyabadilisha. Chumvi ikibaki ndani ya utando itavuta unyevu na kuila picha. Maji yakiwa haba, osha kwa kujaza tangi mara tatu: pindua mara 5, mwaga, pindua mara 10, mwaga, pindua mara 20, mwaga. Inatosha, ikiwa fiksa yako si ya aina inayogandisha utando.

Suuza la mwisho liwe la maji yasiyo na madini. Yale ya kuongezea betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta yanafaa, lakini soma lebo mara mbili, kwani asidi ya betri nayo hukaa rafu hiyohiyo. Maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa pia ni mazuri. Tia tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na rangi kwa nusu lita, si zaidi. Ukiona povu jingi umezidisha, na ukaukaji utaacha michirizi. Madoa yaliyokwishakauka hutoka mengi kwa kuloweka filamu upya dakika 10 kwenye maji hayohayo.

Kukausha na kuweka

Wakati wa kusi na mvua, filamu huweza kuchukua saa nne au tano kukauka. Usiielekezee panka, vumbi litaganda kwenye jelatini laini na halitoki. Ining'inize chooni baada ya kuoga mtu, mlango umefungwa, kibanio kizito chini. Mende hupenda jelatini, basi usiiache usiku kucha bila kuifungia.

Nyuzinyuzi kama utando wa buibui zinazoota juu ya negativu baada ya miezi ni kuvu. Huota unyevu unapozidi asilimia 60, na Pwani hewa hupita hapo muda mwingi wa mwaka. Weka negativu kwenye sanduku lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli, na silika ikibadili rangi ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120. Kuvu ikishakula jelatini, kuosha hakurudishi kitu.

Neno kuhusu filamu ya rangi

C-41, njia ya kawaida ya kusafisha negativu za rangi, hufanywa kwa nyuzi 38, developa dakika 3 na sekunde 15. Hapa tunapata nafuu, kwa kuwa kutoka 29 hadi 38 ni birika moja la maji moto ndani ya beseni. Lakini developa hii haisamehi. Robo ya nyuzi ikipotea rangi huanza kuelemea upande mmoja. Ukitumia dawa inayounganisha kung'arisha na fiksa, fungua kifuniko kidogo baada ya kutikisa mara chache za mwanzo, kwani hutoa gesi inayoweza kufyatua kifuniko na kumwaga dawa mikononi.

Fiksa iliyokwisha

Ina fedha ndani yake. Usiimwage kwenye karo la shimo, hasa Mji wa Kale na kwingineko ambako visima viko karibu na makaro, maana matumbawe hupitisha maji. Itie kwenye ndoo ya plastiki pamoja na sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, uiache wiki moja au mbili nje ya nyumba. Chuma huyeyuka, fedha hushuka chini ikiwa tope jeusi. Chuja tope hilo, lihifadhi kwenye chupa yenye lebo, na liweke mbali na chakula.